Ubunifu wa ndani unaojali mazingira: jinsi ya kuianza kazi hii Pwani

Mteja wa Dar, Unguja au Mombasa hakuiti kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Anakuita kwa sababu sebule inachemka kuanzia saa tisa alasiri, kabati la MDF (mbao ya kiwandani ya unga wa mti na gundi) alilonunua mwaka juzi limevimba miguuni, na umeme wa kulipia kabla, kama LUKU ya Tanzania Bara, haufiki mwisho wa mwezi. Ukiyatibu hayo matatu bila kumnunulisha vitu vipya lori zima, tayari unafanya ubunifu endelevu. Zifuatazo ni hatua za kuifanya kazi hiyo ikulishe.

1. Amua kwanza utalipwaje

Hili huwekwa mwisho katika mafunzo mengi, na ndipo watu wanapokwama. Wabunifu wengi mjini hutoa michoro bure kisha hula kwenye manunuzi: asilimia fulani juu ya kila sofa, au cha juu kutoka kwa mwenye duka. Kwa mtindo huo, kila unapomwambia mteja abaki na kitanda chake cha mninga umejinyima mwenyewe. Huwezi kuwa mshauri wa kupunguza manunuzi huku chakula chako kinatoka dukani.

Toza ada, na kwa anayeanza ada ya hatua ndiyo rahisi kuieleza. Hatua ya kwanza ni ukaguzi wa nyumba na ripoti, ambayo hulipwa yote kabla hujaenda. Ya pili ni michoro na mchanganuo wa gharama: nusu kabla ya kuanza, nusu siku ya kukabidhi. Ya tatu ni kusimamia mafundi, inayolipwa kila baada ya wiki mbili. Ukaguzi usiutoe bure hata kwa ndugu, maana ndani yake mna maarifa yote. Mtu akiisha kuipata ripoti anaweza kumpa fundi wake aitekeleze, na hiyo ni haki yake. Punguzo lolote utakalopewa dukani liandike kwenye mchanganuo limrudie mteja, na sharti hilo liwemo kwenye mkataba. Ni mstari mmoja tu, lakini wenye hoteli huusoma mara mbili.

2. Shule, usajili, vyeti

Tanzania, Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada ya ubunifu wa ndani, na usajili wa kitaaluma unapitia Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB. Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya ubunifu yenye mchepuo wa mambo ya ndani. Aliyeingia kwa njia ya VETA (vyuo vya ufundi stadi) au karakana hajapotea njia, ila asiguse ukuta unaobeba jengo wala mfumo wa umeme bila mhandisi.

Katika vyeti vya majengo ya kijani, anza na EDGE, wa Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia. Sharti lake ni kupunguza angalau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati inayotumiwa na jengo, maji, na nishati au kaboni iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la mahali hapohapo. Programu yake iko wazi mtandaoni bila malipo. Ingiza vipimo vya nyumba unayoifahamu, badilisha kioo, feni, bomba, uone asilimia zinavyopanda na kushuka. Wiki mbili za zoezi hilo zitakufundisha kuliko semina nyingi.

LEED, wa Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani, una kundi lake la kazi za ndani. Mtihani wa ngazi ya chini, Green Associate, una maswali 100 kwa saa 2, na alama ya kufaulu ni 170 kati ya 200. Ulipie ikiwa tu unalenga ofisi za mashirika ya kimataifa. Mwenye nyumba wa Mbezi hatakuuliza habari zake.

3. Kaa karakanani

Miezi mitatu hadi sita kwa seremala, ukishika randa na msasa. Usipojua mbao inavyotembea utachora vitu vitakavyopasuka.

Mbao hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa. Katika hewa ya wazi ya Pwani hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Chumba chenye kiyoyozi kutwa nzima huishusha hadi karibu 10. Ubao wa upana wa sentimita 30 ukishuka kutoka 16 hadi 10 husinyaa milimita 3 hadi 5, kutegemea aina ya mti. Ndiyo maana meza nzuri iliyotengenezwa Keko, mtaa wa maseremala wa Dar, ikapelekwa ofisi yenye baridi hupasuka katikati ndani ya miezi michache, na lawama zikamwangukia fundi. Kosa ni la aliyechora: uso wa meza uligundishwa na kupigiliwa kila upande, ukakosa pa kusinyalia. Nunua kipima unyevu chenye sindano mbili. Mbao iliyopasuliwa karibuni ikisoma zaidi ya asilimia 18, ipangwe kivulini na vijiti kati ya ubao na ubao. Uso wa meza au mlango ufungwe kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu, ili mbao iteleze.

Somo la pili la karakanani ni ukataji. Karatasi ya plaiwudi ni milimita 2440 kwa 1220, na msumeno hula milimita 3 au 4. Ukichora kabati la kina cha milimita 600, upana wa karatasi unatoa vipande viwili. Ukichora 620, unatoka kimoja, na ule utepe wa karibu 597 unaobaki unaegemezwa ukutani hadi uoze. Milimita 20 ambazo mteja hatazihisi kamwe zimeongeza karatasi karibu maradufu. Kila mchoro wa samani uende kwa fundi pamoja na mpango wa kukata.

4. Ukaguzi wa nyumba

Beba futikamba ya mita 5 au kipimo cha leza, kipimajoto kinachosoma na unyevu wa hewa, kipima unyevu cha mbao, dira ya simu, ndoo ya lita 10 na risiti za LUKU za miezi 12. Nenda mara mbili: saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Mbunifu aliyeiona nyumba asubuhi tu ameiona nusu.

Joto kwanza. Andika kila dirisha linatazama wapi. La magharibi hupigwa na jua la chini kuanzia saa tisa, na pazia zito la ndani halisaidii sana, kwa kuwa joto likishapita kioo limekwisha kuingia. Kinga iwe nje: kipaa kidogo, vipande vya mianzi vya kukunja, tofali za matundu, au mti. Kisha fuata upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, kusi huja baadaye kutoka kusini mashariki, kwa hiyo madirisha ya mashariki hupokea pepo zote mbili. Lakini hewa haiingii chumba kisicho na pa kutokea. Mara nyingi dawa ni kuhamisha kabati lililoziba dirisha la upande wa pili, au kuweka nafasi wazi juu ya mlango. Gharama yake ni chakula cha mchana cha mafundi wawili.

Baada ya hapo hesabu umeme mbele ya mteja. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho cha inverta hula kama kilowati 1.1 kompresa ikiwa kazini. Ikizunguka asilimia 60 ya usiku wa saa 8, ni uniti 5.3. Pangaboi la wati 70 kwa saa hizo hula uniti 0.56. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yake mwenyewe. Usimnyang'anye mtu kiyoyozi chake. Mwambie akiweke nyuzi 26 pangaboi likizunguka badala ya 20 bila pangaboi, na mwili wake utahisi karibu sawa.

Taa ni rahisi: balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60. Chagua rangi ya kelvini 2700 hadi 3000 sebuleni na vyumbani. Nyumba nyingi zimejaa 6500, ule weupe wa duka la dawa, kisha watu wanashangaa sebule haikai vizuri. Meza ya ofisi inahitaji kama lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya meza), na programu ya kompyuta ya DIALux itakukadiria bila malipo.

Maji sasa. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba, fungua hadi mwisho, hesabu. Ikijaa kwa sekunde 40, bomba linatoa lita 15 kwa dakika, na kichungi cha mdomoni kinaweza kulishusha hadi 6. Tahadhari ambayo wauzaji hawaisemi: simtanki iliyo mita 3 juu ya bomba inatoa msukumo wa karibu baa 0.3 tu, na bafu nyingi za kubana maji zimetengenezwa kwa baa 1 au zaidi. Ukizifunga hapo mteja ataoga kwa matone, na wiki ya pili atazing'oa.

Mwisho, sogeza makabati yote. Ukungu hukaa nyuma ya kabati lililogusa ukuta wa nje. Acha sentimita 5 za hewa.

5. Vifaa, na jinsi ya kuvihoji

Kabla ya kununua chochote, pitia kilichopo. Sofa kuukuu tikisa mkono wake: kiungo kikicheza kinagundishwa upya, lakini ukiona unga laini chini ya miguu na vitundu vipya, wadudu bado wamo na haingii nyumbani mwa mtu bila dawa. Ukarabati ukizidi theluthi mbili ya bei ya kipya cha ubora uleule, mwache mteja aamue.

Kwenye mbao swali si "ni mti gani" pekee, ni "karatasi ziko wapi". Tanzania, mzigo halali una hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na alama ya nyundo inayogongwa kwenye mbao. Kenya, kibali cha KFS, shirika la huduma za misitu. Muuzaji asiye nazo achana naye, hata mninga wake ukiwa mzuri namna gani. Msaji wa mashamba ya Longuza, Mtibwa na Kilombero, na paina ya Sao Hill, Mufindi, ni miti iliyopandwa ili ivunwe. Kwa mpingo, baadhi ya misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009. Boriti za mikoko ziache kwa ukarabati wa nyumba za kale zinazozihitaji. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya Lamu na Mji Mkongwe, na mikoko yenyewe ndiyo inayoshika ufukwe.

Mbao za viwandani: dai daraja la E1 au bora zaidi, yaani la mbao zinazotoa mvuke kidogo wa fomaldehaidi iliyo kwenye gundi, na kingo zote zifungwe, pamoja na ya chini isiyoonekana. Ile ya chini ndiyo inayokunywa maji ya deki na kuvimba. Inua kabati kwa miguu ya sentimita 10.

Rangi usinunue kwa neno "kijani" lililoandikwa kwenye kopo. Omba karatasi ya vipimo ya mtengenezaji utafute mambo mawili: mvuke wa kemikali, yaani VOC, usiozidi gramu 50 kwa lita kwa rangi ya maji, na risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Risasi husumbua zaidi kwenye rangi ya mafuta ya milango na grili, zikiwemo za zamani zilizo chini ya rangi mpya. Hizo usizipige msasa mkavu nyumba ikiwa na watoto, lowesha kwanza. Kisha hesabu lita. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 2.8 kina ukuta wa mita za mraba 50. Toa mlango na madirisha mawili, zinabaki 45. Mikono miwili ni 90, na lita moja hufunika kama 10. Unahitaji lita 9. Fundi atakuambia "lete ndoo", yaani lita 20, na nusu itakauka stoo.

*Chokaa juu ya kuta za matumbawe.* Kwa anayefanya kazi Unguja, Lamu au Mombasa ya kale, hii ndiyo kazi itakayokutofautisha na wengine. Ukuta wa matumbawe unavuta maji na chumvi kutoka ardhini na lazima upumue. Ukiufunika kwa lipu ya saruji au rangi ya plastiki, unyevu unazibwa, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Baada ya masika mawili matatu inadondoka mabamba kwa mabamba, na kipande cha ukuta nyuma yake. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo Zanzibar pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na Lamu pitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kisha:

1. Bandua saruji yote kwa mkono, si kwa mashine ya kutikisa. Piga ukuta brashi kavu ukusanye chumvi, urudie kila inapotokeza.
2. Loweka chokaa ya mfuko kwenye pipa lenye mfuniko, maji yakiifunika juu. Wiki mbili ni kiasi cha chini. Ikikaa zaidi inazidi kulainika. Vaa miwani na glavu, inaunguza.
3. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa mto, wenye punje kali, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni unarudisha chumvi ileile uliyoifukuza.
4. Lowesha ukuta jioni, na tena asubuhi kabla ya kuanza.
5. Piga tabaka lisilozidi milimita 12. Likishakuwa gumu kiasi cha kutobonyea kwa kidole gumba, likwaruze, ungoje kama wiki, upige la pili jembamba zaidi. La mwisho ni milimita 3, kwa mchanga uliochekechwa.
6. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na uyarushie maji kwa siku 5 hadi 7.
7. Malizia kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5 miembamba.

Ikipasuka, tabaka lilikuwa nene, chokaa ilizidi, au jua liliingia. Ikitoa unga ukipitisha kiganja, ilikauka upesi kabla haijanyonya hewa ya kutosha kuwa jiwe. Mara nyingi ni fundi aliyeruka kazi ya magunia. Sehemu hiyo ikwanguliwe irudiwe.

Sakafuni, zulia la mkonge hudumu sana mahali pakavu. (Mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 tu ilisalimika safarini, mashamba ya Tanga yametokana na hiyo.) Maji hulitia madoa, kwa hiyo lisikaribie bafu wala mlango wa jikoni, na lisigundishwe, maana hutanuka masika. Mkeka wa ukindu unafaa chumbani. Kwa vivuli vya taa na vioo kuna warsha zinazoyeyusha au kukata chupa: Shanga ya Arusha, Kitengela nje ya Nairobi, Chako ya Zanzibar. Agiza mapema, kazi ya mkono haina stoo.

6. Mafundi na eneo la kazi

Mchanganuo uwe na safu moja ambayo wengi hawaiweki: kila kitu kinachotoka kitaenda wapi. Mlango wa zamani utachukuliwa na nani, vigae vilivyobanduliwa vitajazwa wapi. Bila safu hiyo, kila kitu huishia kwenye gari la taka.

Kwa vigae ongeza asilimia 10 ya kukata, 15 kama vinalazwa mshazari, na boksi moja libaki kwa mteja pamoja na namba ya kundi, kwa sababu kigae cha jina lilelile kikitoka kundi jingine huwa na rangi tofauti. Malipo ya fundi yafuate kazi iliyokaguliwa. Acha asilimia 10 hadi baada ya mvua za kwanza ikiwa kazi inagusa ukuta au dari. Fundi atanung'unika. Mwambie siku ya makubaliano, si siku ya malipo.

7. Faili la makabidhiano, na kazi inayofuata

Mpe mteja faili lenye jina na namba ya kila rangi, karatasi za vipimo, hati za mbao, namba za mafundi, na ukurasa mmoja wa matunzo: vanishi ipakwe lini, mkonge unasafishwaje, kichungi cha bomba kinafunguliwa na kuoshwa kila baada ya miezi mitatu.

Nakala ya faili ndiyo hazina yako ya kuombea kazi, kwa ruhusa ya mteja na bila jina lake. Piga picha kabla na baada ukisimama mahali palepale, saa ileile. Kisha rudi baada ya miezi mitatu uchukue risiti za umeme, ulinganishe Februari na Februari ya mwaka uliotangulia. Wapo wanaolinganisha Februari na Julai, kaskazi na kipupwe, wakajitangazia kwamba wameokoa nusu nzima ya uniti zote. Meneja wa hoteli aliyekaa Pwani miaka kumi ataiona hila hiyo kabla hujafungua ukurasa wa pili.

Ukipanga kutembelea wateja, anza na nyumba za wageni zenye vyumba 8 hadi 15. Mwenye nyumba ya namna hiyo analipa umeme na maji mwenyewe, anaamua mwenyewe, na vyumba vyake vinafanana: fanya kimoja, mkipime msimu mmoja kando ya kisichoguswa, kisha mjadili vilivyobaki mezani mkiwa na risiti zenu.